Waliojiondoa kwa Pelagia

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto wa kukaushia samaki, Pelagia Mugeta wa Makoko alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavaa miwani, akafungua simu na kuwaita wafuasi wake majina. Aliita kwa kunong'ona, kidole kikishuka kwenye orodha taratibu, kama mwalimu anayehakikisha hakuna aliyetoroka. Walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Nitajieni mfanyabiashara mwingine Musoma nzima anayewajua wafuasi wake wa mtandaoni kwa majina, kwa vijiji na kwa magonjwa ya mama zao. Wenye maduka makubwa wana maelfu na hawamjui hata mmoja. Pelagia aliwajua wote, na hicho ndicho kilichomponza.

Mambo yote yaliletwa na semina. Kijana mmoja mtaalamu wa masoko, Bwana Fredy, alikuja kuwafundisha akina mama wauza samaki, amevaa shati lililopigwa pasi hadi unaogopa kumgusa. Akasema biashara ya siku hizi ni uhusiano. Mteja wa mtandaoni ni ndugu. Mjibu kila anayekuandikia, mjue ni nani, na ukiona amejiondoa kwenye ukurasa wako, jiulize umemkosea nini. Wanawake thelathini na tisa walipiga makofi, wakala biskuti, wakarudi majumbani kwao wakaendelea na maisha. Wa arobaini alikuwa Pelagia, naye aliandika kila neno. Ni mtu wa hivyo. Kitu kikishasemwa na mtu aliyesimama mbele ya ubao, kwake ni amri.

Akafungua ukurasa, akauita Samaki wa Moshi wa Pelagia. Mteja aliyeandika "Bei gani?" alijibiwa hivi: "Shikamoo, au marahaba, maana sijui umri wako. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Wewe ni wa wapi na ni mtoto wa nani? Huko mvua imenyesha? Bei tutaongea." Wenye haraka zao walikimbia. Waliobaki ni watu wa kabila la Pelagia kwa tabia, wakaeleza mvua, wakaeleza mihogo, wakaeleza mguu wa bibi unaovimba, na ndipo wakaagiza samaki. Bwana mmoja wa Bugwema aliweka kopa nyekundu chini ya picha ya sangara. Pelagia alimpigia simu siku hiyo hiyo, akamweleza kwa heshima kwamba yeye ni mjane, ni Mkatoliki, na hatafuti mtu. Yule bwana akasema alimpenda sangara. Pelagia akamtaka aandike hivyo hivyo pale chini, watu wote waone, naye akaandika.

Mfuasi wa kumi na saba alikuwa dada yake.

Gaudensia aliolewa Butiama, kwa watu wenye ng'ombe, na mama yao alifia kwake. Miaka sita sasa hawajasemeshana, na kisa ni samaki. Pelagia alikwenda kwenye ule msiba na beseni zima la sangara wa moshi aliowakausha usiku na mchana huku analia. Kumbe wakwe wa Gaudensia walikuwa wametoa fahali wawili. Gaudensia akasema nyama itangulie, samaki wasubiri. Basi samaki walisubiri. Walisubiri stoo mpaka waombolezaji wakatawanyika, na siku ya tatu wakagunduliwa na paka, ambao katika msiba ule ndio pekee waliowapa heshima yao. Pelagia alibeba beseni lake tupu, akaapa hatakanyaga Butiama mpaka aombwe radhi. Gaudensia naye akaapa kwamba haombi.

Halafu siku moja, bila hodi, jina likatokea kwenye orodha: Gaudensia wa Butiama, picha ya ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe. Hakuandika neno. Hakuweka hata kopa. Miwani ya Pelagia ikaanguka kwenye majivu. Wafuasi wote wengine alikwisha kuwasalimia wao na mifugo yao. Huyu mmoja hakumwandikia hata "hujambo". Lakini tangu siku hiyo picha za samaki zilibadilika. Akawa anawapanga kwenye sinia la zamani la mama yao, lile lenye maua yaliyofutika. Akawa anajifunga khanga ya mama yao anapojipiga picha. Wateja walidhani ni urembo. Ukweli ni kwamba ukurasa ule mzima, pamoja na bei na namba ya simu, ulikuwa unaandikiwa mtu mmoja. Na kila asubuhi kidole kilipofika kwenye yule ng'ombe, Pelagia alipumua, akasema "yupo," ndipo akawasha moto.

Mwezi wa tano, namba ikasoma mia tatu na kumi na mmoja.

Akakimbilia kwa ng'ombe: yupo. Aliyepungua ni Alfonce wa Nyasura, kule Bunda, muuza vipuri vya baiskeli. Pelagia alimshukuru Mungu, kisha akaona aibu kwa kushukuru, maana Alfonce naye ni ndugu na kwenye daftari la semina imeandikwa ujiulize umemkosea nini. Akajiuliza hadi mchana, hakupata. Akaenda kwa jirani yake, Mzee Wenceslaus, katekista mstaafu aliyepatanisha nusu ya ndoa za parokia. Mzee Wenceslaus hakuwa na simu ya kioo, lakini ugomvi aliujua. Akavaa koti. Wakapanda gari la Bunda na sato wawili wakubwa wa moshi kwenye kapu.

Walimkuta Alfonce anakula. Mzee Wenceslaus alisimama katikati ya uwanja.

"Sisi tumetoka Makoko, na tumekuja kwa amani. Huyu mama anasema ulikuwaga mtu wake. Ulikuwaga unamfuata vizuri tu. Juzi umeamka, umemwacha. Tunataka utwambie kosa lake."

Jenipher, mke wa Alfonce, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Alikuwa anamfuata wapi?"

"Kwenye simu, mama," Pelagia akasema upesi. "Samaki. Ni mambo ya samaki."

"Mzee, simu yangu ilijaa," Alfonce akajitetea, jasho likimtoka. "Nimefuta vitu vyote. Hata picha za harusi nimefuta."

Hilo la harusi hakupaswa kulitaja mbele ya mwiko, lakini ndiyo hivyo. Kikao kilichukua saa tatu. Alfonce alikiri kwamba mtu hajiondoi kwa mwenzake bila kuaga. Pelagia alikiri kwamba huenda alimuuliza mno kuhusu mvua. Soda zikaletwa, Alfonce akabonyeza kurudi mbele ya mashahidi, Mzee Wenceslaus akaiombea simu, na sato wote wawili wakaliwa pale pale.

Kama Alfonce angenyamaza, hadithi ingeishia hapo. Lakini muuza vipuri hanyamazi. Aliwasimulia wateja wake kwamba kuna mama wa Makoko, ukijiondoa kwake anakuja mwenyewe hadi kwako, na katekista, na samaki. Kufikia Jumapili watu tisa wa Bunda walikuwa wamejiondoa. Baadhi yao waliacha na maelekezo: "Nimejiondoa rasmi. Jumamosi nipo nyumbani. Napendaga sangara kuliko sato." Bwana wa Bugwema mwenye kopa alijiondoa, akapatanishwa, akajiondoa tena wiki hiyo hiyo kwa sababu mama mkwe wake alikuja kumtembelea na nyumbani hakukuwa na kitoweo.

Pelagia aliwaendea wote. Alijua anachezewa, msimwone mjinga. Ila alisema aliyejiondoa kwa njaa naye amejiondoa. Na ajabu ni kwamba biashara ilipanda. Kila walikokwenda, majirani walijaa kutazama watu wazima wakipatanishwa kwa ajili ya simu, wakanusa kapu, wakaagiza. Wafuasi walishuka hadi tisini na sita, samaki wakawa hawatoshi. Bwana Fredy alisikia, akaja Makoko kuona siri ya mafanikio. Alipoelezwa alilitazama kapu, akavitazama viatu vya Pelagia vilivyojaa vumbi, shati lake likinyonya moshi.

"Mama," akasema mwishowe, "huu si mtandao. Hii ni miguu."

"Si ulisema niwe na uhusiano?" Pelagia akamjibu.

Halafu, asubuhi moja ya Alhamisi, kidole kilishuka kwenye orodha na hakikumkuta ng'ombe.

Akarudia kutoka juu. Akazima simu, akaiwasha, akaifuta kioo kwa khanga. Akaazima simu kwa jirani mwingine, akatazamia huko. Hayupo. Siku hiyo moto haukuwashwa Makoko kwa Pelagia, na sangara wabichi aliowanunua alfajiri aliwagawa bure.

Mzee Wenceslaus alikuja na koti lake. Pelagia akamwambia leo wanakwenda Bugwema. Juma lililofuata wakaenda Bunda. Juma la tatu akasema twende kwa Alfonce, simu yake imejaa tena.

"Mama," mzee akasema, "kwa Alfonce tumeenda mara tatu. Alfonce si ndugu yako."

"Alfonce hajawahi kuwaachia paka samaki zangu."

"Basi mimi leo siendi kwa Alfonce." Akavua koti, akaketi kwenye ile ndoo ya Pelagia. Hakuna aliyewahi kumwona mzee yule amevua koti kwenye kazi ya upatanisho, na Pelagia alijua maana yake. Akaingia ndani, akachukua lile beseni la msibani, ambalo kwa miaka sita hakulitia kitu, akalijaza sangara.

Butiama walifika adhuhuri. Pelagia alisimama kwenye geti la miti, na ile hotuba aliyoitunga njia nzima ikamtoka kichwani. Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni, amenenepa, kichwa kimejaa mvi kama cha mama yao. Mzee Wenceslaus akafungua kinywa kuanza.

"Mzee, pumzika kwanza," Gaudensia akasema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Nimejiondoa wiki tatu."

Pelagia alilishika beseni kichwani kwa mikono miwili.

"Nimesikia kwa watu. Wanasema mtu akijiondoa kwako, hulali, unamfuata. Umeenda Nyasura kwa muuza vipuri. Umeenda Bugwema. Nikasema kama ni hivyo, na mimi ngoja nijiondoe. Jumamosi ya kwanza nimesonga ugali, nimekaa hapa kizingitini mpaka giza. Hukuja. Ya pili nimesonga. Ya tatu nimesonga, watoto wananicheka. Kwa watu usiowajua unakwenda mbio, Pelagia. Kwangu unahesabu."

Hapo Pelagia alilia kwa sauti, beseni likiwa bado kichwani, na Mzee Wenceslaus akalipokea kabla halijaanguka. Gaudensia alilia pia. Alipomaliza alimwamuru binti wa jirani afunge paka wote ndani ya banda la mbuzi, na akaandaa samaki peke yao, bila hata kipande cha nyama mezani, mbele ya mume wake na ng'ombe wake wote. Mume alitafuta nyama kwa macho, akaona uso wa mkewe, akanawa mikono.

Walipomaliza kula, Mzee Wenceslaus akakohoa kidogo. Utaratibu ni utaratibu; sasa aliyejiondoa abonyeze kurudi, mashahidi waone. Pelagia akafungua ukurasa mwenyewe, akampa dada yake simu. Gaudensia aliishika, akaitazama picha ya sinia la mama yao. Kidole chake kilifika kwenye kile kitufe, kikakaa hapo hapo. Kisha akaizima simu, akaifunika chini ya beseni tupu.

"Sibonyezi," akasema. "Nikibonyeza utarudi Makoko utulie. Jumamosi nitasonga ugali."

Mzee Wenceslaus alijaribu kueleza kwamba upatanisho wa namna hiyo hakuwahi kuuona. Hakuna aliyemsikiliza. Siku hizi Pelagia bado anaita majina kila asubuhi juu ya ndoo yake, na kidole kinapofika pale alipokuwa ng'ombe kinapita tu. Ijumaa jioni anachagua sangara wakubwa, anawapanga kwenye beseni, na kwenye ukurasa anaandika kwamba kesho duka limefungwa.