Doa Kwenye Paji la Marehemu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimechoka hata salamu naziitikia kwa shida. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, masika yamekaza, nami nina studio ndogo ya picha Ukunda. Bi Mwanakombo wa Msambweni alikuwa ameniletea picha ya marehemu mumewe, ndogo kama ya kitambulisho, negativu yake, ile filamu ya kutolea picha, imepotea zamani. Aliitaka kubwa, ampe binti yake Riziki aliyekuwa anaolewa. Riziki alikuwa tumboni baba yake alipofariki.

Tulikuwa na ujanja mpya. Kwenye kompyuta ya rafiki yangu tuliikuza picha, tukageuza nyeupe ikawa nyeusi na nyeusi ikawa nyeupe, kisha tukaichapa kwa printa ya wino juu ya plastiki inayopitisha mwanga. Hiyo ndiyo ikawa negativu. Katika chumba cha giza niliilaza juu ya karatasi ya picha, nikaibana kwa kioo, nikawasha taa kidogo, nikatia karatasi kwenye dawa. Kueleza ni rahisi. Hewa ya masika huku kwetu haikaushi kitu. Wino ulinata ukaharibu karatasi moja baada ya nyingine, nami nimeinama mbele ya feni mpaka mgongo ukaniuma.

Picha yenyewe ilikuwa imeliwa na ukungu. Kwenye kompyuta tulikuwa tumefuta madoa kwenye kanzu, shavuni, na moja jeusi katikati ya paji la uso. Wazazi wangu ni watu wa bara waliopewa mashamba huku, na sisi ni wa kanisani. Sikumuuliza mtu.

Bi Mwanakombo alipokuja kuichukua, aliisogeza mlangoni penye mwanga akaitazama.

"Hukuipenda, Bi?" nikamuuliza.

"Kazi ni nzuri, mwanangu. Lakini sijida yake iko wapi?"

Sikuelewa. Akajigusa paji la uso. "Hapa. Aliipata kwa kusujudu tangu ujana wake. Riziki hana baba mwingine ila huyu utakayempa wewe. Nikifa mimi, nani atamwambia?"

Niliona aibu, na hasira pia, maana nilijua kazi yote ni ya kurudiwa. Nilimchukua hadi kwenye kompyuta, akaketi kando yetu. Kila doa tulimuuliza. "Hilo ni ukungu, futa," alisema. "Hilo la shavuni liache, ni kovu la ndui." Kisha nikarudi kwa wino wangu na feni.

Picha ilipokuwa tayari alikuja na Riziki. Msichana aliweka kidole juu ya paji lile. "Mama, hii ni nini?"

Bi Mwanakombo akaanza kumsimulia baba yake, alivyokuwa akiamka alfajiri, alivyokuwa akisoma dua kwa sauti mpaka kuku wakaamka. Waliketi kwenye benchi langu mpaka nikachelewa kufunga, na sikuwa na moyo wa kuwaondoa.

Mwanangu, siku hizi simu yako inasafisha uso wa mtu bila hata kuambiwa. Usiiachie. Kabla hujafuta kitu kwenye uso wa mwenzio, muulize aliyeishi naye, hata kama umechoka, na hasa ukiwa umechoka. Mola akupe subira ya kuuliza, akulinde na haraka, na wako waliotangulia awalaze mahali pema.