Mawe Meupe ya Kidete

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposimama juu ya kilima cha Kidete nimevaa koti la Uskoti kwenye jua kali, nikawaamuru vibarua wakusanye mawe meupe yote wayaponde yawe kokoto. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye chake anajenga. Nami nilikuwa na changu. Mtoto wa mkulima wa mahindi, nilijisomesha hadi nikapata diploma ng'ambo, na sioni haya kusema kwamba katika kata yetu hakuna aliyenitangulia. Nilitaka nyumba ambayo kila abiria wa treni ataiona na kuuliza ni ya nani.

Nikwambie kwanza nilichofanya kule Uskoti nilikosoma. Wakati wa likizo nilipata kibarua cha kuchimba mabaki ya kale kaskazini, kando ya bahari, mahali walipokaa watawa wa Kikristo zaidi ya miaka elfu iliyopita, katika nchi ya watu walioitwa Wapikti. Watu hao karibu hawakuacha maandishi. Waliacha mawe yaliyochongwa misalaba na wanyama, na mengi yalivunjwa na waliokuja baadaye wakajengea kuta. Basi habari zao tulizitafuta kwenye udongo. Tulipiga magoti kwenye baridi, tukikwangua kwa mwiko na kufagia kwa brashi. Udongo ukibadilika rangi, tunasimama. Makaburini tulikuta vijiwe vyeupe vilivyowekwa kwa mkono. Mimi niliyaona makaburi kabla ya Wazungu wenyewe, na walinisifu.

Sasa, pale Kidete, Bibi Raheli, mjane wa katekista, akapanda kilima taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mawe yako wapi?"

"Mawe gani?"

"Meupe. Ya mto Mkondoa. Kila Pasaka namletea mama yangu moja."

Nilimjibu kwa sauti ya msomi kwamba kijiji kimenipa kiwanja, na hapa hapana makaburi, ni magofu tu ya kikanisa cha zamani.

"Bibi, huyu mtaalamu," kibarua mmoja akadakia. "Kasoma Ulaya huyu!"

"Kasomea nini?"

Nikamweleza yote, watawa, brashi, vijiwe, huku kifua kimenijaa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wafu wa Wazungu uliwafagia kwa brashi," akasema. "Wa kwetu umewaletea nyundo."

Vibarua wakaweka nyundo chini.

"Nataka nizikwe ubavuni pa mama yangu. Ni kaburi la tatu kutoka kwenye jiwe la mlango wa kanisa. Nionyeshe jiwe la mlango."

Jiwe la mlango nilikuwa nimelipasua juzi yake.

Nilivua koti, nikaazima mwiko wa fundi, nikapiga magoti. Hadi jua linafika utosini udongo ulikuwa umenijibu: mistatili mitano iliyotawanyika, myeusi na laini kuliko ardhi ya pembeni. Jicho lilikuwa lile lile. Lakini kaburi lipi lilikuwa la mama yake, diploma haikujua. Hesabu ilianzia kwenye jiwe la mlango, na jiwe lilikuwa kwenye rundo la kokoto.

Nilimwambia ukweli. Akainama kwenye kaburi la kwanza. "Shikamoo mama." Akasubiri kidogo, kama mtu anayeitikiwa. Akaenda la pili. "Shikamoo mama." Hivyo hivyo hadi la tano.

Nyumba nikaijenga bondeni. Ni nyumba nzuri, si haba, ila treni haiioni. Bibi Raheli alipofariki tulimzika kando yao, na tangu hapo kila Pasaka mimi ndiye ninayepanda na mawe ya Mkondoa. Napeleka sita.

Soma, mwanangu, soma unipite, ingawa utatoka jasho. Lakini heshima uliyofundishwa ugenini usiiache kwenye behewa ukishuka stesheni ya kwenu. Kabla hujang'oa jiwe, muulize anayepita hapo kila mwaka ni nani aliyeliweka. Wapikti walihitaji wageni wenye brashi kwa sababu hakubaki mtu wa kuulizwa. Sisi bado tunao, nao wanapanda kilima kwa fimbo.

Mungu akupe jicho la kuona udongo unapobadilika, na magoti mepesi ya kupiga. Na siku yako ikifika, asikose mtu wa kukuamkia kwa jina lako.