Tembo wa Sikitu

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi niliposhuka Mwanjelwa, na kabla sijaona lolote nikanusa rangi mbichi. Binamu yangu Sikitu alikuwa juu ya ngazi, akichora tembo wekundu kwenye ukuta wa duka la vitambaa. Watu walisimama kumtazama. Wivu niliodhani nimeuacha Iringa ukanipokea palepale.

Niwaeleze ulikoanzia. Kwa bibi yetu kule Iringa, jirani na mwamba wa Igeleke, kila ilipokaribia Krismasi tulisiriba nyumba upya kwa udongo mwekundu, uliokuwa ukinukia kama mvua ya kwanza. Wasichana tulipewa ukuta wa mbele tuupambe. Mwaka mmoja niliutaka uwe wangu peke yangu. Nilivuta kamba, nikapima kwa vidole, nikachora pembetatu za udongo mweupe kutoka mlangoni hadi kwenye kona, zote sawa.

"Dada, Krismasi itakukuta bado unapima," alisema Sikitu, akitafuna muwa.

Kesho yake bibi alitupeleka kuokota kuni chini ya mwamba. Pale kuna michoro myekundu ya watu wa kale. Tembo mmoja alikuwa amechorwa juu ya watu waliochorwa kabla yake, akiwakanyaga vichwa. Niliudhika kwa niaba ya mchoraji wa kwanza.

"Bibi, mbona wamechoreana juu?"

"Mwamba mmoja, mikono mingi," alijibu, akikaza kamba ya mzigo. "Ulitaka wakachore hewani?"

Mimi niliona fujo tu; Sikitu nadhani aliona ruhusa. Jioni niliporudi kutoka kisimani nilikuta tembo watatu ukutani, nyayo zao juu ya pembetatu zangu. Nililia, nikataka wafutwe. Bibi aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Hapa hafutwi mtu," akasema.

Siku ya Krismasi kila mgeni aliyetoka kanisani aliuliza nani kachora tembo. Pembetatu hazikuulizwa na yeyote. Pilau ile sikuisikia ladha yake, na kwa miaka mingi niliamini bibi alimpenda Sikitu kuliko mimi.

Sasa Sikitu aliniona, akacheka kutoka juu ya ngazi. "Dada kamba! Angalia chini."

Nikaangalia. Tembo walikuwa wamesimama juu ya safu ya pembetatu nyeupe.

"Bila hizo wanaelea," alisema. "Nimejaribu. Kila ukuta naanza na zako."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitazama bibi siku ile, na kwa nini hakutaka kumfuta hata mmoja wetu.

Mwenye duka akatoka, akapiga makofi. "Fundi, tembo hao ni hatari!" Pembetatu hakuziona. Wivu ukanichoma vilevile, kana kwamba sijaelewa kitu. Nikavua koti, nikaomba kamba na brashi. Pembetatu ya tatu kutoka kushoto ilikuwa imepinda.