Chiriku Atetea Upande Usio Wake

Msusi mmoja wa mtaani, ambaye kwa maneno yake mengi watu walimbatiza Chiriku, alikuwa na miaka thelathini na tisa, saluni ya viti vitatu, na siri moja ambayo mtaa mzima uliijua: alimpenda seremala wa jirani, kumpenda kwelikweli. Kwa miaka miwili seremala huyo alimtengenezea viti, rafu, mpaka mlango, tena mara nyingine bila kuitwa. Kwa miaka miwili hiyohiyo hakutamka neno. Alikuja, akapiga misumari yake, akasema, "Haya, dada," akaenda zake. Chiriku akabaki ameshika kitana.

Wote wawili walisali kanisa moja, na baada ya ibada walikaa katika darasa la Biblia la mwalimu mmoja mstaafu, mama mkali wa miwani. Mama huyu alikuwa na utaratibu wake. Wabishanaji wawili walichomoa vikaratasi kwenye kopo, na kila mmoja alipaswa kutetea upande uliomwangukia, auamini asiuamini. Jumapili moja mada ilikuwa hii: je, Yesu mwenyewe alidai kuwa Masihi, au watu ndio waliomwita hivyo? Seremala alichomoa "Alidai." Chiriku akachomoa "Hakudai."

"Yaani nimkane Bwana mchana kweupe?" akapiga kelele.

"Humkani, unabishana," mwalimu akasema. "Una wiki moja."

Wiki ile wateja walikiona cha moto. Nesi mmoja alikaa kitini nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama wima, huku Chiriku akimhutubia kwenye kioo.

"Petro alipomtambua, wanafunzi walikatazwa kumwambia mtu. Wagonjwa alipowaponya, akawaambia wasitangaze. Sasa shoga, mtu anayedai hufanya hivyo?"

"Mimi naingia zamu saa nane," nesi akalalama. "Suka!"

Lakini utamu ulishamkolea. Alisoma akipika, akasoma akifagia, akajicheka peke yake, na kila alipofikiria kwamba atasimama uso kwa uso na seremala kwa nusu saa nzima, alizirudia hoja zake upya mbele ya kioo.

Jumapili ikafika. Chiriku akamwaga hoja zake bila kuvuta pumzi. Seremala akainuka polepole.

"Alisema," akaanza. "Kule kisimani, yule mwanamke Msamaria alipomtaja Masihi anayekuja, Yesu alimwambia wazi kwamba ndiye anayezungumza naye. Kwa makutano alinyamaza kwa sababu walitaka mfalme wa kupigana na Warumi. Kunyamaza si kukana."

"Kisimani walikuwa wawili tu!" Chiriku akaruka, mori umempanda. "Mtu akidai kitu hukisema! Huwezi miaka miwili unamtengenezea mtu viti, rafu, mpaka mlango, mdomo umeufunga, halafu uje kutuambia eti ulidai!"

Hakuna Injili yenye rafu ndani yake, na kila mtu pale alilijua hilo.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma mtu akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Kama seremala angecheka, au angejifanya hakusikia, Chiriku angefunga saluni na kuhama mtaa, naapa.

Seremala hakucheka. Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Mwalimu, naomba kujibu," akasema. "Mbele ya kuhani mkuu Yesu aliulizwa waziwazi, na akakubali, akijua kitakachompata. Kuna mtu hasemi mpaka aulizwe." Akamgeukia Chiriku. "Niulize, dada."

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Chiriku, ambaye hata usingizini huongea, alitafuta sauti akapata kipande tu.

"Fundi, unanipenda?"

"Ndiyo," akasema seremala, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni. "Tangu siku ile uliponipangusa vumbi la mbao kwenye ndevu. Nilikwenda nyumbani sikunawa uso."

Kelele zilizofuata ziliwatoa wanakwaya chumba cha pili. Akina mama wakapiga vigelegele, viti vikaanguka. Mwalimu akagonga meza kwa kopo.

"Kimya! Mjadala haujaisha! Chiriku, una dakika tano za kumjibu."

"Sina jibu, mwalimu. Nimeshindwa!" akasema Chiriku, anacheka huku machozi yanamtoka, na tayari alikuwa anaizunguka meza kwenda upande wa pili.