Doa la katikati

Fundi wa picha amenifutia galaksi nzima leo, na mimi nikamwambia asante.

Naandika kutoka saiba, duka la intaneti, hapa Malindi.

Mnalijua lile bomba la maji nililoligeuza darubini uani kwangu Garsen. Nilifunga kamera ya filamu, nikailenga galaksi ya Andromeda, nikaifuata kwa mkono dakika arobaini bila kukohoa. Jirani yangu Mzee Barisa alihamisha ng'ombe wake wote ili kwato zisitikise darubini. Alitaka kitu kimoja tu: awe wa kwanza kuiona picha.

Leo nimekuja studio kuichukua.

Nyota ndogondogo zipo. Galaksi haipo.

"Ile alama nyeupe ya katikati iko wapi?" nikauliza.

"Lile doa?" fundi akajibu kwa fahari. "Nimekutolea, kaka. Nimelikwangua kwa wembe kwenye negativu yenyewe, halirudi tena. Ila yale madogo niwie radhi, yalikuwa mengi mno."

Mwanga umesafiri zaidi ya miaka milioni mbili. Ukafika Garsen salama. Ukaja kufia Malindi, kwenye wembe.

Sasa nishaurini, nyinyi mnaojua kusema na wazee. Mzee Barisa ananisubiri, na ng'ombe wake bado wako kule alikowahamishia, kwenye maji ya mafuriko, wanaliwa na mbu hadi picha ifike. Nikamwonyeshe nini?

Fundi yeye ameshanishauri, tena bure:

"Siku nyingine piga mchana, jua likiwa mgongoni kwako."