Mlango wa Kijani Nyuma ya Kinyozi

Mwanangu alipotimiza miaka kumi na minne, aliacha kuzungumza nami. Hakuwa mkaidi. Alichota maji, akakamua ng'ombe, akala ugali wake, akanyamaza. Nikimwita, ananijibu ameinamisha kichwa kama mtu aliyeiba. Dada yake akiingia jikoni, yeye anatoka. Baada ya wiki mbili jirani yangu pale Kimumu, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akaniambia wanafunzi wanakwenda mtaa wa Huruma siku za Jumamosi kuona video za uchi, na wangu alionekana huko.

Nililia, sitaficha. Nilimtaka mwanangu arudi kuwa yule mropokaji wangu wa zamani. Lakini badala ya kwenda kumuuliza, nilifanya kile ambacho kila mtu wa siku zile alifanya akipatwa na shida. Niliitisha kamati.

Tulikuwa kina mama kumi na mmoja wa kanisa moja, wenye maduka na mashamba madogo. Kikao cha kwanza chote kilimezwa na ubishi, kwa sababu katibu alikataa katakata kuandika neno "uchi" katika daftari linalolala kabati moja na Biblia. Mweka hazina akapendekeza "filamu zisizovaa". Tukapiga kura, ikapita.

Kikao cha pili tuliamua tangazo lisomwe kanisani, ili wazazi wajue hatari iko wapi. Hapo ndipo tulipoharibu. Kwetu tangazo lilikuwa na utaratibu wake, liwe la msiba, la harusi au la harambee: mahali, siku, saa, kiingilio, na namna ya kufika. Mzee wa kanisa hakuruka hata kimoja. Alitangaza kwa sauti nzito kwamba filamu zisizovaa huonyeshwa Huruma, nyuma ya kinyozi, mlango wa kijani, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, kiingilio shilingi tano, na anayetoka mjini asipite njia ya chini kwa sababu ina matope. Akarudia kwa ajili ya waliochelewa. Kisha, kwa mazoea tu, akamalizia, "Nyote mnakaribishwa."

Jumamosi iliyofuata foleni ilifika barabarani. Niliona waimbaji wanne wa kwaya yetu. Shemasi mmoja aliniambia, bila haya, kwamba amekuja kuthibitisha kama tangazo lilikuwa sahihi.

Sisi kumi na mmoja tulijipanga mbele ya mlango tukaanza kuimba nyimbo za kanisa. Mwenye video, kijana mpole kupita kiasi, akatutolea benchi. Alidhani tunangojea onyesho la pili. Tulipomweleza shida yetu, alifungua mlango kidogo atuonyeshe ukuta: picha ya Rais, na chini yake leseni ya biashara ndani ya fremu.

"Mama, mimi niko sawa na serikali," akasema.

Haikupita nusu saa chifu akafika na askari wawili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Chifu akatuhesabu kwa kidole.

"Nyinyi mko na laisensi ya mkutano?"

"Mkutano gani, Mzee? Sisi ni wazazi."

"Mko kumi na moja. Mnaimba. Hiyo ni mkutano. Huyu kijana ako na yake, nimeiona kwa ukuta. Yenu iko wapi?"

Tukaongozwa hadi ofisi ya chifu na vitambaa vyetu vyeupe kichwani, huku nyuma yetu video inaendelea. Nilikuwa na hasira hata meno yaliniuma. Askari aliyeandika maelezo yangu aliniuliza tulikuwa tunapinga nini. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akaniomba nimweleze vizuri ni mlango upi.

Jioni ile, tukiwa bado tumeketi nje kungoja chifu aamue kosa letu linaitwaje, mwanangu akatokea. Alikuwa ameniletea sweta na chai ndani ya chupa. Akakaa kando yangu kwenye benchi.

"Mama, ni mimi nimewaletea hii shida."

"Ulienda mara ngapi?"

Nilipotamka maneno hayo nikashtuka. Vikao viwili, kura, tangazo, nyimbo, na hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza.

"Mara moja tu."

"Na ukaona nini?"

Mweka hazina alikuwa ametega sikio. Nilimtazama mpaka akahama.

"Yule mwanamke wa kwa video alikuwa analia," mwanangu akasema. "Si kuigiza, Mama. Alikuwa analia kabisa. Na watu wote wakacheka." Akakaza kifuniko cha chupa. "Na mimi nikacheka."

Alianza kutetemeka. Nikamfunika kwa sweta ile aliyoniletea mimi, nikamshika, akalia mbele ya askari, mbele ya kamati nzima. Nilimwambia aendelee. Akaniambia yote, moja baada ya jingine, na chifu alipotoka kutuita ndani nilimwambia angoje.