Siku Tuliyopiga Kasia Hadi Kibirizi

Siku za mbalamwezi, kijiji chetu cha Mwamgongo kilinukia mawese. Siku nyingine zote kilinukia dagaa: dagaa wabichi, dagaa juani, dagaa kwenye nywele za mama zetu hata kanisani. Lakini mwezi ukishakomaa, karabai hazina kazi, maana dagaa hawadanganyiki kwa taa wakati ziwa zima linang'aa. Hapo wavuvi hulala nyumbani kama watu wengine. Mitumbwi huvutwa mchangani ikauke, pamba kuukuu hung'olewa kwenye maungio ya mbao, kisha pamba mpya iliyolowekwa mawese ya moto husukumwa ndani kwa patasi. Sisi watoto tulizipenda siku hizo kupita kiasi, kwa sababu ndizo tulizokuwa na baba. Wangu, ambaye siku za giza nilimwona akila na kulala tu, mbalamwezi alicheka, alishona nyavu na hata kunisahihishia hesabu, ingawa zake zilikuwa mbovu kuliko zangu. Kila mwezi nilimwomba Mungu kwa siri asimruhusu arudi ziwani. Nalisema mapema ili mjue nilivyokuwa mtoto wa kujipendelea.

Nilikuwa darasa la tano mwaka ule, na Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Baba alikuwa kiongozi wa wavuvi wa upande wetu, mtu mwenye kauli, na watu wenye kauli hukosea kwa sauti kubwa. Mwezi ule aliwashauri wenzake wasipeleke injini kwa fundi moja moja kama walivyozoea. Zote zipakiwe kwenye boti moja, zipelekwe Kibirizi, bandari ya mitumbwi ya mji wa Kigoma, kwa mkupuo, zirudi zimetengenezwa kabla giza halijarudi. Mtu mmoja aliuliza, je, kukitokea jambo? Baba akacheka. "Nani atasafiri mbalamwezi hii? Samaki wenyewe wamepumzika!" Basi injini zikaondoka Alhamisi, yakabaki makasia. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakuchelewa kuzaliwa.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kanisani, katikati ya wimbo wa pili, nikahisi mkono wa Mama umenishika bega kwa nguvu isiyo ya kawaida. Nilipogeuka niliona uso wake umekuwa wa kijivu. Damu ilikuwa imelowesha kitenge hadi kwenye benchi. Wanawake walimzunguka wakambeba hadi zahanati, na muuguzi, binti mtulivu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, siku ile alikimbia. Alimwambia Baba bila kuzunguka: damu hii siwezi kuizuia hapa, huyu anahitaji upasuaji, afike hospitali ya mjini leo. Si kesho, leo. Sasa, Jumapili boti ya abiria haisafiri, hulala Kibirizi. Barabara haikuwepo, simu hazikuwa zimefika, na injini zote za wavuvi zilikuwa kwa fundi. Baba alisimama mlangoni mwa zahanati, mikono kichwani, mdomo wazi, hana kauli hata moja.

Aliyetuokoa kutoka kwenye bumbuwazi lile ni jirani yetu Mama Zuhura, mjane Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kongo, mwanamke mwenye mabega ya mchukuzi na ulimi wa pilipili. "Mnamwangalia nani? Kasia zimevunjika?" Tukaingia kwenye mtumbwi mmoja mkubwa, uliokuwa umezibwa ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili maungio yalikuwa wazi, mwanga wa jua unapita. Wanaume waliyashindilia matambara haraka haraka, kila mtu akijua hayatadumu. Mzee Filipo, mzee wa kanisa letu, alivua kofia akaanza kutuombea pale mchangani, na maombi yake sote tuliyajua urefu wake. Alikuwa bado kwa mababu wa imani Mama Zuhura alipomkatiza: "Shikamoo Mzee, utamalizia huku ukipiga kasia!" Akaingia, maskini, na Biblia yake kwapani. Wakaingia pia vijana wawili wa kwaya na muuguzi. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa mwepesi na palihitajika mtu wa kutoa maji. Nikapewa kopo la rangi. Niliambiwa neno moja tu: usiache.

Kutoka kwetu hadi Kibirizi, boti yenye injini nzuri huchukua saa chache. Kwa kasia ni kutwa nzima, tena siku ambayo ziwa limekubali. Tulipita ufuko wa Gombe, misitu imening'inia juu ya maji, nyani wameketi kwenye mawe wakitutazama kama watu waliokosa kazi. Mama alilala kwenye mikeka katikati, kichwa mapajani mwa muuguzi, na maji yaliyoingia chini yake yalikuwa mekundu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayachota. Nilichota na kumwaga, nikachota na kumwaga, wala sikuthubutu kutazama ndani ya kopo. Nilikuwa naogopa, jamani, woga ambao sijauona tena hata ukubwani. Na chini ya woga kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilijua kosa ni langu. Si mimi niliyeomba Baba asirudi ziwani? Mungu amesikia, nikawaza, ameziondoa injini.

Mama alifumbua macho akamwambia Baba, kwa sauti ndogo, "Baba Tabitha, tuombee." Tabitha ni mimi. Baba alikuwa mbele, amevua shati, mgongo unamchuruzika jasho. Alijibu bila kugeuka: "Siwezi." Mama akarudia. Baba akapiga kelele, na sauti ikagonga vilima ikarudi, "Siwezi! Nitamwambia nini? Mimi ndiye niliyezipeleka!" Mzee Filipo alifungua mdomo, lakini pumzi yake ilikuwa inatosha kasia tu. Mama akanigeukia mimi. "Basi wewe omba. Kwa sauti." Nikamwambia sijui kuomba kikubwa. Akanionyesha kwa kidevu rasi iliyokuwa mbele yetu, mwamba umejitokeza majini. "Usimwombe Kigoma. Omba tufike pale tu." Nikaomba, huku natoa maji: Mungu, tunaomba pale tu, kwenye lile jiwe, pale tu. Tukafika. Mama akasema, "Asante umesema?" Nikasema asante. Mbele ikatokea rasi nyingine. Bandu bandu huisha gogo.

Saa nane mchana upepo wa kusini ukaamka, na sisi tulikuwa tunaelekea kusini. Mawimbi yalianza kuupiga ule ubavu usiozibwa. Tambara moja likang'oka, likafuata la pili, na maji yakaanza kuingia kwa kasi kuliko kopo langu. Kijana mmoja wa kwaya aliacha kasia akachota kwa mikono. Kwa muda ambao sijui ni dakika ngapi, tulipiga kasia na rasi haikusogea hata kidogo. Mti uleule, jiwe lilelile. Muuguzi alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Mama akihesabu, kisha akaacha kuhesabu, akaanza kumwita jina. Mama hakujibu. Nikanyamaza mimi pia. Hapo Mama Zuhura, macho yamemtoka, akanifokea: "We mtoto! Nani amekwambia unyamaze? Endelea kuongea na Mungu wako, mimi wangu nimeshamwambia!" Akavua mtandio wake, akauviringisha, akausukuma kwenye ufa kwa kisigino na kuukanyaga pale pale, akaendelea kupiga kasia mguu mmoja umekaza ubaoni. Nikaomba tena. Sikuwa naomba vizuri, nilikuwa nalia na kamasi. Nilimwambia Mungu hata lile la siri, kwamba nimefuta, Baba arudi ziwani siku zote akitaka, giza na mwezi, ila tufike kwenye lile jiwe. Muda mrefu baadaye nikaliona jiwe liko nyuma yetu.

Tuliingia Kibirizi jua likiwa limeelekea milima ya Kongo. Wachukuzi walitupokea ndani ya maji, wakambeba Mama juu ya vichwa vyao na mikeka yake, wakakimbia naye hadi kwenye gari la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapakia dagaa. Mama aliishi. Ndugu yangu hakuishi, na Baba alimzika kesho yake huko huko mjini, akiwa amevaa shati la kuazima. Hakuna aliyeniambia kwamba Mungu ametenda makuu, nashukuru kwa hilo, maana ningemuuma mtu. Mama Zuhura aliniambia tu "Mungu si Athumani, mwanangu," akaninunulia andazi. Na tangu mwaka ule, mbalamwezi hata iweje, angalau injini moja hubaki kijijini kwetu. Baba mwenyewe aliisimamia sheria hiyo hadi alipofariki, bila kucheka.

Siku hizi ninaishi Bangwe, hapa Kigoma mjini, na Mama yuko kwangu. Boti zina injini kubwa, simu ziko mifukoni, na mjamzito wa Mwamgongo akiugua, mjini wanajua kabla hajatoka kitandani. Ni jambo jema, wala sitaki kuusifia utoto wangu kuliko unavyostahili. Lakini mwaka jana nilifiwa na mume wangu, na katika nyumba hii yenye umeme na maji ya bomba nilishindwa kuomba. Nilipiga magoti nikakuta hakuna neno. Nilimwambia Mama mchana mmoja tukichambua maharage, kwa aibu, nikaongeza kwamba mimi sina imani kama yake, yeye aliyeomba akiwa anavuja damu ziwani.

Mama aliacha maharage. "Nani aliomba?" akauliza. "Imani iliniisha tulipokuwa hatujavuka hata Gombe. Nilikuwa namwita Mungu kwa Kiha, Imana, kama alivyonifundisha mama yangu, na moyoni sikumwona mtu. Baba yako naye akakataa. Ndiyo nikakutuma wewe. Nilitaka tu nisikie mtu mmoja bado anaongea naye."

Miaka yote hiyo nilidhani nilikuwa nimeegemea imani ya mama yangu. Akasogeza ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye kitenge, akakishika kichwa changu kama cha mtoto.

"Nyamaza wewe," akasema. "Leo naongea mimi."